Maji ya Ndakaini: Nairobi iilipe Murang'a, au mpaka wa kaunti hauna neno hapa?

Mfungua mada, Kasarani

Bwawa la Ndakaini liko Gatanga, Kaunti ya Murang'a. Hubeba mita za ujazo milioni 70, na takribani asilimia 85 ya maji ya bomba ya Nairobi hutegemea huko. Bwawa la Sasumua liko Nyandarua. Bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu ziko Kiambu. Ndani ya kilomita mraba 696 za kaunti yetu hatuna chanzo kikubwa hata kimoja, ila visima tu.

Gavana wa zamani wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji hayo. Wengi hapa mjini huliona dai hilo kuwa siasa tupu. Mimi naona lina msingi. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti yenye mafuta asilimia 20 ya mgao wa serikali, na jamii ya pale asilimia 5. Sheria ya Madini ya 2016 inatoa 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Iweje mafuta yawe na mwenyewe na maji yasiwe naye? Nairobi ilipe. Tubishane kuhusu kiasi.

Wakili, Upper Hill

Ndugu, umeruka ngazi. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema mito na maziwa ni ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote. Jedwali la Nne linaiachia serikali hiyo usimamizi wa vyanzo vya maji. Kaunti hupewa huduma ya kuyasambaza na kuondoa maji taka. Kwa hiyo Murang'a si mwenye maji, na Nairobi pia si mwenye maji. Nairobi hulipa ada ya matumizi kwa Mamlaka ya Raslimali za Maji, na fedha hizo haziendi kwa gavana yeyote.

Ila sifungi mlango. Kifungu cha 69 kinaidai Serikali igawe kwa haki manufaa ya mazingira na maliasili. Kinachokosekana ni sheria ya kusema kwa maji mgawo ni upi. Muswada wa kugawana manufaa ya maliasili umerudi Seneti mara kadhaa na bado.

Halafu kuna jambo la mpaka wenyewe ambalo watu hulisahau. Miaka ya 1990 Gatanga ilikuwa katika Wilaya ya Thika. Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47 ilifuata orodha ya wilaya za sheria ya 1992, na Gatanga ikarudi Murang'a. Lau ingefuatwa orodha nyingine, leo wa Murang'a wasingekuwa na la kudai, na bwawa halingekuwa limesogea hata hatua moja. Kubadilisha mpaka sasa, Kifungu cha 188 kinataka tume huru, thuluthi mbili ya wabunge wote, na thuluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Basi mstari uliochorwa kwa ajili ya utawala umegeuka hati ya kudai fedha.

Mwenyeji wa Gatanga, Zimmerman

Wakili, kwako huo ni mstari. Kwa watu wa kule ni jina lao. Mashamba yaliyofunikwa na lile ziwa yalikuwa ya koo zinazojulikana, na mabomba ya kwenda mjini yamepita kando ya vijiji ambavyo kwa miaka mingi vimelilia maji ya bomba. Mtu anayeliona ziwa kutoka mlangoni kwake kisha anateka mtoni kwa mtungi, usimwambie habari za Jedwali la Nne.

Lakini na wewe wa Kasarani, asilimia 25 ikienda makao makuu ya kaunti, Ndakaini itaiona? Sheria ya mafuta angalau imetenga fungu la jamii.

Mhandisi wa maji, South B

Naomba tuangalie ramani ya vilima kabla ya ramani ya kaunti.

Kinachoipa Ndakaini thamani ni mwinuko. Bwawa liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mji uko chini yake. Maji hutoka bwawani, hupita mtambo wa kusafisha wa Ngethu ulio Kiambu, na kufika matangi ya Gigiri kwa mteremko tu. Pampu kubwa zinaanzia Gigiri, kuyapandisha hadi Kabete. Chimba chanzo kingine mahali palipo chini kuliko mji, kila mita ya ujazo itakuja na bili ya stima.

La pili ni zito zaidi. Mto Thika ni wa bonde la Tana. Nairobi iko bonde la Athi. Bomba linavuka kigongo ambacho mvua yenyewe haikivuki. Tukishayatumia, yale yanayoingia kwenye mifereji huenda mabwawa ya maji taka ya Ruai, Mto Nairobi, Athi, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Tana hairudishiwi kitu. Njiani, Sabaki hulisha visima vya Baricho, Kilifi, ambavyo husaidia kuinywesha Mombasa. Kwa hiyo mkiingia kwenye hesabu za nani amlipe nani kwa mipaka ya kaunti, Mombasa nayo itauliza inalipwa nini kwa kupokea uchafu wetu.

Na Mzima je? Chemchemi iko Taita Taveta, bomba lake lina kilomita kama 220 hadi Mombasa. Mvua inayoilisha, hata hivyo, hunyesha vilima vya Chyulu, Makueni na Kajiado. Anayestahili malipo ni palipotokea maji au palipoingia?

Mzaliwa wa Garissa, Eastleigh

Ahsante, mhandisi, kwa kulitaja Tana. Mjadala huu kila mara ni Nairobi na Murang'a, kana kwamba mto unaishia Thika mjini. Maji hayo yangeshuka hadi bwawa la Masinga, yazungushe mitambo ya umeme, yapite Garissa, Hola, hadi Garsen. Handaki la maji la kaskazini (Northern Collector), la kilomita 11.8, linachota mito ya Maragua, Gikigie na Irati, mita za ujazo 140,000 kwa siku, kuyaongeza Ndakaini. Tuliambiwa ni maji ya mafuriko tu, "ya ziada". Ziada kwa nani? Mpokomo hupanda mpunga na migomba kwenye ardhi iliyolowa baada ya mto kufurika. Waorma na Wasomali hulisha mifugo kwenye nyasi za mafuriko hayohayo. Mto usipotoka kingoni mwaka huu, shamba halipo mwaka huu.

Mhandisi wa maji, South B

Hoja hiyo nairudia kwa takwimu. 140,000 kwa siku ni kama mita 1.6 za ujazo kwa sekunde. Kwa Tana nzima wakati wa masika ni kidogo. Kwa Irati mwezi wa Februari ni mto mzima. Ndiyo maana kanuni zinatenga viwango viwili: kile ambacho mto hukizidi kwa asilimia 95 ya siku, kisiguswe kabisa, na kile unachokizidi kwa asilimia 80 ya siku, ambacho juu yake ndipo huitwa mafuriko.

Penye kasoro ni kwenye kupima. Rula ya mtoni husoma kina, si wingi wa maji. Kina hugeuzwa kuwa wingi kwa jedwali lililopimwa mahali palepale. Mafuriko moja yakibadilisha sakafu ya mto, jedwali la zamani linadanganya hadi mtu aende kupima upya. Matope yakijaa nyuma ya kizuizi, kina kinaonekana kikubwa kuliko ukweli, na lango linaachiwa maji yasiyo ya ziada. Hakuna nia mbaya inayohitajika hapo.

Afisa kilimo mstaafu, Kangemi

Mmesahau udongo. Misitu ya Aberdare na ukanda wa chai hushika ardhi vizuri. Shida ni chini ya chai, na Kinangop juu ya Sasumua, kwenye viazi na kabeji vilivyolimwa kufuata mteremko. Mvua ya kwanza ya Machi ikikuta shamba tupu, tope linaingia mtoni, na mtamboni dawa ya kugandisha uchafu inaongezwa.

Tiba yake inajulikana: fanya juu, yaani mtaro wa kama sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, udongo ukitupwa upande wa juu, nyasi ya nepia ikipandwa kwenye tuta. Tuta bila nyasi hubomoka msimu wa pili, niwaambie wanaodhani jembe linatosha. Kando ya mto acheni mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake, na mkaratusi utoke hapo. Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, ulioanza 2015, umekuwa ukisaidia wakulima kwa kazi za namna hii. Malipo yafuate mkulima mwenye mteremko, awe Murang'a, Nyandarua au Kiambu.

Mfungua mada, Kasarani

Nimekubali nusu. Naliacha dai la asilimia ya mapato, kwa sababu karibu nusu ya maji ya Nairobi hupotea kabla ya kulipiwa: mabomba yaliyooza, viungio haramu, mita zilizokufa. Ukilipa kwa mapato, mwenye mteremko anabeba hasara ya uvujaji wetu. Tulipe kwa maji ghafi yanayoingia Ngethu. Shilingi 1 kwa kila mita ya ujazo, kwa mita 400,000 kwa siku, ni shilingi milioni 146 kwa mwaka. Hapo Nairobi italipia hata yale inayoyamwaga, na itakuwa na sababu ya kuziba.

Wakili, Upper Hill

Hesabu nzuri, ila chunga njia ya fedha. Chini ya Kifungu cha 207, chochote kinachopokelewa na kaunti huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, na humo kinaweza kuishia kwenye mishahara. Kinaepuka tu ikiwa Sheria ya Bunge imekitenga. Kwa hiyo bila Bunge, mkulima wa matuta hapati.

Mzaliwa wa Garissa, Eastleigh

Katika hiyo milioni 146 sijaona Tana River wala Garissa. Mkulima wa juu analipwa kulinda; wa chini anayepunguziwa hana jina kwenye mpango. Kama fedha hazitoshi, anzeni na kitu kisichogharimu sana: vipimo vya Maragua, Gikigie na Irati, vya kila siku, vibandikwe hadharani Murang'a na Garissa kwa pamoja, pamoja na tarehe ambayo jedwali la kila kituo lilipimwa mara ya mwisho.

Mhandisi wa maji, South B

Hilo naliunga mkono bila sharti. Na viongezwe vipimo vya Ngethu.