Juliasi Kaizari kwa mtindo wa bulabo: namvunjia heshima Mwalimu?

Mwanaigoma:
Wakuu, habari za jioni. Nina kikundi cha maigizo hapa Igoma, wengi ni vijana wa mitumba na makonda wa daladala. Tunaandaa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963 aliyoirekebisha 1969. Tumekwama kwenye msiba wa Kaizari. Brutus, mmoja wa waliomuua, anahutubia, watu wanamshangilia, halafu anapanda Mark Antony, rafiki wa marehemu, na kuwageuza watu wale wale. Wahutubiaji wangu wako vizuri, ila umati umesimama kama foleni ya benki.

Nawaza kuufanya kama bulabo, yale mashindano ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, kundi la Bagika huku, la Bagalu kule, ngoma zinalia kwa pamoja na ushindi ni wa aliyevuta watazamaji wengi. Brutus awe na uwanja wake, Antony wake, hadhira ihame kwa miguu yake. Mzee mmoja wa kamati kasema namvunjia Mwalimu heshima. Limeniuma, maana nampenda Mwalimu kuliko anavyodhani. Mnanishaurije?

Mtunza Rafu:
Niko na mzee. Mwalimu aliifanya kazi ile akiwa anaongoza nchi changa, watu waone Kiswahili kinambeba Shakespeare bila kuyumba. Mkianza na ngoma, mwisho mtakata na maneno. Igizeni kitabu kama kilivyo.

Binti wa Nansio:
Shikamoo Mtunza Rafu. Kisa hiki hakijawahi kukaa mahali pamoja. Plutarch, mwandishi wa kale, alikiandika kwa Kigiriki, Amyot akakitia Kifaransa 1559, Thomas North akakitoa kwenye Kifaransa hicho hadi Kiingereza 1579, Shakespeare akakikuta hapo, akakifanya tamthilia miaka 20 baadaye. Shaaban Robert naye alimfikia mshairi Omar Khayyam kupitia Kiingereza cha FitzGerald, siyo Kiajemi. Kila mmoja alikipa kisa sauti ya watu wake.

Mwanaigoma, soma tena hotuba ya Antony. Kabla ya kusoma wosia wa marehemu anawaambia watu waizunguke maiti ya Kaizari, wafanye duara, kisha anashuka na kuingia katikati. Duara la ngoma umeshaandikiwa! Ila Brutus usimpe ngoma. Shakespeare alimwandikia maneno ya kawaida, akamwekea Antony mashairi. Mwache Brutus aongee pakavu, ngoma ianze Antony anapolishika vazi la Kaizari lenye matobo ya visu. Tumia kaniki, uipasue kweli, mtu wa nyuma aone mwanga unapita. Wosia wa drakma 75 kwa kila raia usubiri, maana Antony mwenyewe anauchelewesha makusudi.

Mtunza Rafu:
Marahaba mwanangu. Hilo la duara sikuwa nimelitazama hivyo. Basi maneno ya Mwalimu yasiguswe, hata neno moja.

Mwanaigoma:
Hayaguswi, mzee wangu, nakuahidi. Na ushauri wa kumnyima Brutus ngoma nimeuchukua; watu wataondoka kwake wakiufuata mdundo, nami ndicho nilichokuwa natafuta.

Kinachonisumbua sasa ni onyesho linalofuata. Cinna mshairi anauawa kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa waliomuua Kaizari. Watazamaji watakuwa bado wamo duarani na vijana wangu. Niwarudishe kwanza kwenye viti, au Cinna apite katikati yao?

Binti wa Nansio:
Apite katikati yao. Na aulizwe jina na mtu aliyesimama ubavuni mwa mtazamaji.