EVE Online: ninunue DDA za Navy au niroli mutaplasmidi kwenye T2?

NahodhaWaMbagala

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada kwa wanaocheza EVE, ile gemu ya meli za anga, maana huku kwetu kila mtu ni mpira wa kwenye simu na PUBG, sina wa kumuuliza.

Iko hivi, natumia Gila (meli ya droni) kwenye Abyss, yale maeneo hatari ya vyumba vitatu yenye saa inayohesabu. Nilianza na filamenti (funguo za kuingilia) za chini, saa hivi ngazi ya Fierce nazimudu na nataka nipande Raging, inayofuata. Tatizo langu ni muda, dakika 20 zinaisha kama utani, chumba cha tatu naingia presha iko juu, na mnajua saa ikigonga ukiwa bado ndani hakuna mjadala, meli inaenda na kapsuli ya rubani inaenda. Kwa hiyo nataka niongeze demeji ya droni. Sloti za chini za Gila ni tatu na zote nimeweka Drone Damage Amplifier (DDA) II, yaani T2, kifaa cha kuongeza hiyo demeji.

Sasa nina njia mbili. Njia ya kwanza ninunue DDA tatu za Federation Navy (aina bora kuliko T2) pale Jita, soko kuu, ISK (hela ya gemu) zinatosha ila nitabaki mweupe kabisa. Njia ya pili, kwenye kuzunguka kwangu nimeokota mutaplasmidi za DDA (zinabadilisha namba za kifaa kwa bahati, ndiyo kuroli), nimezihifadhi tu kwenye hanga, naweza kununua T2 za bei chee nikaroli na nikibahatika napata kitu kinachoipita hata Navy na sijatumia hela. Ila nikifungua lile dirisha linaloonyesha kiwango cha chini na cha juu mkono unatetemeka, maana upande mwekundu nao ni mrefu.

Ninyi mngefanyaje? Natanguliza shukrani.

MzeeWaJita

Mkuu nunua Navy, mengine utayafanya ukishapata hela ya kuchezea.

Sababu siyo kwamba mutaplasmidi ni mbaya. Sababu ni CPU, uwezo wa kompyuta ya meli ambao kila kifaa kinaula. Gila ya Abyss ina lancha, ina shield booster ya kurudisha ngao, ina kila kitu kinachokula CPU, fiti (mpangilio wa vifaa) imekaa pale kwa kubanana. Ukiroli DDA inaweza kukupa demeji nzuri sana lakini CPU ikapanda, na pale ndipo utaona kichekesho, una kifaa kizuri mkononi ambacho hakiingii kwenye meli. Utaanza kutoa kitu kingine ili kiingie, ukitoa booster nzuri ukaweka dhaifu umejiua mwenyewe, ukiweka co-processor ya kuongeza CPU umekula ile ile sloti ya chini ambayo ungeweka DDA. Vifaa vya faction kama Navy kwa kawaida havisumbui hivyo, unajua namba zake kabla hujalipa, unaweka kwenye pyfa, programu ya kupanga fiti, au kwenye simulesheni ya ndani ya gemu, inaonyesha inaingia au haiingii, basi.

Halafu hapo uliposema "sijatumia hela" nakukatalia kabisa. Hizo mutaplasmidi zinauzwa sokoni Jita kila siku kama ganda la risasi. Ukiiroli umeitumia hela, tofauti ni kwamba hukuiona ikitoka kwenye pochi. Angalia bei yake kwanza, unaweza kukuta ukiziuza hizo ulizonazo tayari umepata sehemu ya bei ya Navy.

Na kumbuka kifaa kikisharoliwa kikawa Abyssal hakirudi kuwa T2, hauwezi kukiroli mara ya pili, na sokoni hakiuziki kwa kawaida, ni kontrakti tu, mikataba ya mchezaji kwa mchezaji. Navy siku ukichoka na Gila unaiuza kwa dakika moja.

msee_wa_warp

Aah buda hizo ni story za wazee hahaha. Gemu ya vita na biashara unaicheza kama unaweka pesa kwa sacco.

Roli hiyo kitu. DDA ni kati ya vitu rahisi sana kuroli, sifa zenyewe mbili tu, demeji na CPU. Si kama microwarpdrive ambayo inabadilisha kasi, CPU, powergrid, capacitor, signature, manze hiyo sasa ndiyo mkeka, timu moja ikikuangusha tiketi yote imechanika. Kwa DDA hata kama moja imeenda vibaya ingine inaweza kuwa poa na bado unatumia.

Na Navy itakupa kile imeandikwa, haizidi hapo milele. Kama unataka kuenda juu ya Raging siku moja utafika tu mahali Navy haitoshi. Na pia si ni raha? Ule moyo kabla kubonyeza, ndiyo gemu yenyewe.

HesabuZaAngani

Nyote wawili mnaongea kama sloti zote tatu zina uzito sawa na hazina. Ngoja niweke namba.

EVE ina stacking penalty, vifaa vya aina moja vikirundikana vinapungua nguvu. Kifaa chenye nguvu kuliko vyote kinahesabiwa chote, cha pili kinahesabiwa kama asilimia 87, cha tatu kama asilimia 57. Gemu inavipanga yenyewe kuanzia kile kikubwa, huna haja ya kuhangaika ipi umeweka wapi. T2 moja inakupa asilimia 20.5, kwa hiyo ya kwanza ni 20.5 kamili, ya pili inashuka inakuwa kama 17.8, ya tatu inabaki kama 11.7. Ukizidisha zote demeji ya droni inafika kama mara 1.59 ya ile ya kawaida.

Sasa chukulia umeroli moja ikaharibika kwenye demeji, ikashuka mpaka 18, lakini CPU nayo ikashuka. Wengi wanaitupa hiyo au wanaibwaga kwenye kontrakti kwa hasira. Ukiiweka na T2 mbili inakaa nafasi ya tatu yenyewe na jumla inatoka 1.59 inakuja kama 1.57. Umepoteza asilimia moja na kidogo tu! Na hiyo CPU uliyookoa inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa inakukatalia booster bora zaidi. Kwa hiyo roli "mbovu" inaweza kuwa ndiyo unayoihitaji, inategemea fiti yako inalia nini.

Upande mwingine, ukipata roli moja kali sana hiyo inahesabiwa yote kwa kuwa inakaa ya kwanza. Lakini roli kali ya tatu nusu yake karibu inapotea hewani. Ndiyo maana mimi sielewi watu wanaohangaika kuroli zote tatu ziwe za juu, wanachoma hela kwenye sloti inayohesabiwa 57.

Kwa hiyo ningekuwa wewe: Navy mbili, halafu sloti moja ya tatu ndiyo ya kubahatisha. Ikitoka kali inapanda juu yenyewe na Navy inashuka chini, ikitoka dhaifu yenye CPU ndogo inakaa chini, ikitoka mbaya kote kote unarudisha T2 uliyonayo na fiti haijavunjika. Hujabaki mweupe na hujafunga mlango.

Kuhusu uwezekano, tuseme kila sifa ni nusu kwa nusu kupanda au kushuka, kwa rahisi tu. DDA yenye sifa mbili, zote kuwa nzuri ni 1 kati ya 4. Kitu chenye sifa tano ni 1 kati ya 32. Hapo msee wa warp yuko sahihi kabisa kuhusu microwarpdrive.

NahodhaWaMbagala

Duh HesabuZaAngani umenifungua macho, hiyo ya sloti ya tatu sikuwahi kuiwaza. Nilikuwa najua penalty ipo ila nilidhani ni kitu kidogo.

Swali la nyongeza, sasa nikiroli niroli juu ya T2 au juu ya Navy yenyewe? Maana nimesoma kwamba matokeo yanazidishwa na namba ya kifaa ulichoanza nacho, kwa hiyo Navy ikitoka nzuri inakuwa juu zaidi.

MzeeWaJita

Ni kweli inazidishwa, dari linakuwa juu zaidi. Ila usifanye hivyo mkuu. Unachukua kitu cha uhakika cha bei, unakiweka mezani. T2 ikiharibika unanunua nyingine kabla chai haijapoa. Wanaoroli vya Navy na kupanda juu ni watu wenye hanga limejaa, wanaroli kwa wingi ili moja itakayotoka ya ajabu ilipie zile nyingine zote, wewe mwenye meli moja huo wastani hautakukuta. Kama ni kuroli roli T2 kwa hiyo sloti ya tatu. Mutaplasmidi nyingine uza.

MamaMikataba

Samahanini nimechelewa. Mimi kazi yangu kwenye gemu ni hizo hizo kontrakti kwa hiyo ngoja niwaambie kitu ambacho sijui kwa nini hakuna aliyekitaja: usiroli, nunua iliyokwisharoliwa.

Kontrakti zimejaa DDA za Abyssal za watu ambao walikuwa wanatafuta ile moja ya ajabu wakapata ya kawaida. Hizo za kawaida wanaziachia kwa bei ya chini maana zinawajazia hanga. Namba unaziona zote kabla hujalipa, demeji ngapi, CPU ngapi, unaingiza kwenye pyfa na kuhariri namba mpaka zifanane, unaona fiti imekubali, ndipo unanunua. Bahati nasibu ameshaicheza mwingine kwa hela yake, wewe unanunua matokeo tu. Nahodha wewe unatafuta nini hasa, demeji ya juu kiasi na CPU isiyokutoa jasho? Hiyo ipo, tena ya juu ya T2, na mara nyingine kwa bei chini ya Navy. Siyo kila siku, inabidi uwe mvumilivu na uangalie mara kwa mara.

Ila chukua tahadhari, kontrakti ina wajanja. Fungua kifaa chenyewe uangalie namba kimoja kimoja, usiamini kichwa cha habari alichoandika muuzaji, "god roll" wanaandika hata kwenye takataka. Na angalia kama ni kontrakti ya kukuuzia au ya kukutaka WEWE utoe kitu, watu wanasoma haraka wanabonyeza. Bei pia linganisha na kontrakti zingine zenye namba zinazokaribiana.

Na wewe msee wa warp raha yako sikunyimi, endelea kuroli mdogo wangu, watu kama wewe ndio mnanilisha 😂

msee_wa_warp

😂😂 auntie umenimaliza. Lakini si uongo, zile zangu za kawaida huwa naziweka huko kontrakti na zinaenda siku hiyo hiyo, sasa najua ni nani hununua.

Lakini point yangu moja mumeiruka. Akitoka nje ya Abyss kuna watu wanamngoja kwa ile alama ameacha alipoingia, wakimpiga hapo bima inalipa meli tu, vifaa hakuna kitu, na kila kifaa kiko na nusu kuharibika nusu kuangukia hao wezi. Kwa hiyo Navy tatu ama Abyssal tatu, yote ni kuwabebea mzigo. Hiyo "uhakika" yenu ni ya ndani ya hanga tu.

HesabuZaAngani

Hapo umeongea. Na ndiyo maana kabla ya kununua chochote ningemuuliza Nahodha, skill ya Drone Interfacing iko leveli ngapi?

NahodhaWaMbagala

Iko 4 mkuu. Ya 5 niliiona inachukua muda mrefu nikaipita, nikaanza kujifunza vitu vingine.

HesabuZaAngani

Basi majibu yako hapo. Kila leveli ni asilimia 10 ya demeji ya droni, ukitoka 4 kwenda 5 unatoka 1.4 kwenda 1.5, hiyo ni asilimia 7 ya nyongeza juu ya ulichonacho sasa, haina stacking penalty, haili CPU, haikai kwenye sloti, na wakikulipua pale mlangoni unabaki nayo. Itakula kama wiki tatu hivi za kujifunza, lakini unaiweka kwenye foleni na kuendelea na Fierce zako ukiingiza ISK. Mimi ningeiweka leo, halafu ndiyo nianze kuchungulia kontrakti za Mama taratibu bila presha.

MzeeWaJita

Naunga mkono. Na usipande Raging kabla haijafika. Raging itakuwepo tu.

NahodhaWaMbagala

Nimewaelewa wakuu, mbarikiwe sana. Mutaplasmidi naziuza zote isipokuwa moja, hiyo nitairoli kwenye T2 nione tu msee wa warp anaongelea raha gani. Seva imeshuka saa nane kama kawaida, ikirudi naweka Drone Interfacing 5 kwenye foleni kwanza.

Mama Mikataba, nikikuta DDA yenye 22 na CPU chini ya T2 nikutumie linki uniangalizie bei?

MamaMikataba

Tuma tu baba. Ila kama ni 22 na CPU chini ya T2 usisubiri jibu langu, ukichelewa nitakuwa nimeshainunua mimi.