Kusogeza kurasa kwa tachipadi: tupeane uzoefu wa mipangilio iliyotufaa

MhaririMakini
Ndugu zangu, kazi yangu ni kuhariri miswada mirefu kwenye kompyuta mpakato, nikisogeza kurasa kwa tachipadi, ule uso wa kugusa ulio chini ya kibodi, na kwa msomaji wa namna yangu ukurasa unaokimbia huchosha kuliko maandishi yenyewe, kwa sababu kila aya inaporukwa, jicho hulazimika kurudi kutafuta lilipoishia. Katika Windows 11 ninafungua Mipangilio, naingia Bluetooth na vifaa, kisha Tachipadi. Humo, kwenye sehemu ya kusogeza na kukuza, unachagua ama maandishi yafuate vidole kama karatasi unayoivuta mezani, ama vidole vikishuka usomaji usonge kuelekea mwisho wa waraka. Nimebaki na hili la pili, kwa kuwa ndivyo lifanyavyo gurudumu la kipanya changu, na mkono haubabaiki ninapohama kutoka kimoja kwenda kingine. Ninyi mmepanga vipi, na kwa sababu gani?

MwalimuWaJiografia
Ahsante kwa kuanzisha, ndugu mhariri. Mimi natumia Mac, ambako tangu Mac OS X Lion ya mwaka 2011 maandishi hufuata vidole tangu unapoiwasha, na kwenye tachipadi napenda hivyo. Shida huja ninapochomeka kipanya darasani. Swichi ya mwelekeo huonekana kwenye mipangilio ya tachipadi na ya kipanya pia, lakini kwa kweli ni moja, ukiizima huku imezimika na kule. Nimepata nafuu kwa programu ndogo ya bure iitwayo Scroll Reverser, ambayo hugeuza gurudumu peke yake na kuiacha tachipadi ilivyo. Kwa maoni yangu, vifaa viwili vinavyoshikwa kwa namna tofauti vilistahili swichi mbili.

Msimbaji_Tanga
Kwangu ni Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Mwelekeo hubadilishwa kwa urahisi katika mipangilio ya kipanya na tachipadi, ila kasi ya kusogeza sikuiona humo. Kasi iliyopo ni ya mshale tu. Kwa kuwa muda wangu mwingi huupitisha ndani ya kivinjari cha Firefox, niliandika about:config kwenye sehemu ya anwani, nikatafuta mousewheel.default.delta_multiplier_y, nikaishusha kutoka 100 hadi 40. Ukurasa sasa hutembea kwa utulivu, ingawa mabadiliko hayo hayagusi programu nyingine yoyote. Wanaotumia KDE Plasma, eneo-kazi jingine la Linux, wana kitelezi cha kasi kwenye mipangilio yenyewe.

FundiWaPwani
Wakuu, naomba niongeze jambo ambalo mipangilio haiwezi kulitibu. Wateja huniletea mashine ambayo ukurasa wake hutetemeka, hupanda wakati vidole vinashuka, na mshale huruka pembeni. Kabla ya kufungua chochote, huchomoa chaja na kumwomba mteja asogeze tena. Mara nyingi ukurasa hutulia papo hapo. Tachipadi hutambua kidole kwa mabadiliko madogo sana ya umeme juu ya uso wake, hivyo chaja isiyo na ubora, au soketi isiyo na ethi (waya wa ardhini), huingiza kelele ya umeme ambayo mashine huisoma kama mguso. Jasho nalo hufanya kazi hiyohiyo, hasa huku kwetu kwenye unyevunyevu. Kitambaa kikavu kinatosha.

BintiMhasibu
Mimi nilizima kukuza kwa vidole viwili, katika sehemu ileile aliyoitaja mhariri, kwa sababu jedwali lilikuwa likivimba kila nilipokusudia kushuka.

Mgeni_Morogoro
Samahani, fundi. Kompyuta yangu ni ya zamani kidogo na ule ukurasa wa mipangilio ya tachipadi aliouelekeza mhariri hauna uchaguzi wa mwelekeo kabisa.

FundiWaPwani
Huenda tachipadi yako si ya aina ambayo Windows huisimamia yenyewe, ndugu. Fungua Paneli Dhibiti, uingie Kipanya, uangalie kichupo cha mwisho chenye jina la mtengenezaji wa tachipadi. Kisipokuwapo, pakua draiva, yaani programu inayoiendesha tachipadi, kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa chini ya mashine, kisha uiwashe upya kompyuta.