Samaki wangu aina ya beta amekufa: nirudie bakuli au ninunue tangi?

Pezi_Bluu: Wakuu salaam. Beta wangu amekufa juzi. Alikuwa kwenye bakuli la lita 3, maji yote nayabadilisha kila Jumamosi. Alianza kulala chini, akasusa chakula, mapezi yakafumba, kila mara anapanda juu kuvuta hewa. Muuzaji anasema ni uzee. Nataka mwingine, na nachagua kati ya haya: bakuli lilelile ila nibadilishe maji mara kwa mara; tangi la lita 20 na filta (kichujio cha maji) ya sponji; au tangi la mimea bila filta. Niko Arusha, mfuko mwembamba.

MzeeWaMatangi: Pole sana mkuu. Sijamwona huyo samaki, ila dalili hizo zinanukia amonia, yaani sumu ya uchafu majini, kuliko uzee. Inatoka kwenye kinyesi, kwenye mabaki ya chakula, hata kwenye matamvua yake mwenyewe, na ndani ya lita 3 inajaa upesi. Watu wakisikia beta anavuta hewa juu ya maji wanadhani maji machafu hayamsumbui. Kiungo cha kuvutia hewa anacho kweli, ndicho kinamwezesha kuishi kwenye majaruba ya mpunga kule Thailand ambako oksijeni ni haba majini. Lakini sumu iliyomo majini hakiiondoi.

Chukua lita 20 na sponji. Humo watakaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, nayo nitriti ni sumu pia, kisha nitrati, ambayo ina nafuu kubwa. Kwa kawaida wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha, kwa hiyo tangi na samaki visinunuliwe siku moja. Jaza maji, washa pampu, tupia chembe za chakula zioze, subiri.

BiKidimbwi: Jamani msimtishe mtoto wa watu. Mie niko Tanga, beta wangu yuko kwenye bakuli kubwa na ni mzima. Kila siku natoa theluthi ya maji, narudishia yaliyolala ndooni ili klorini, ile dawa ya maji ya bomba, iruke. Yote kwa mpigo sibadilishi, samaki anashtuka.

MzeeWaMatangi: Bi mkubwa, nakuvulia kofia. Ila siku ukisafiri nani atayatoa?

BiKidimbwi: Wajukuu wapo 😀

Karanga_River: Mnasahau kitu kimoja: Tanga si Arusha! Beta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Huku mwezi wa saba bila hita maji yanashuka chini ya hapo, samaki anapoa, hali, magonjwa yanamwingia. Na bakuli dogo halifai kutiwa hita, linapata moto haraka na kupoa haraka. Kwangu mimi bakuli limeshatoka kwenye mashindano. Umeme ukikatika, lita 20 angalau zinapoa polepole.

Mimea bila filta inapendeza sana, na kweli inanyonya amonia, lakini inataka mwanga wa kupimia. Mwanga ukizidi ni mwani mtupu. Anayeanza aweke sponji kwanza, mimea michache aiongeze humohumo.

Pezi_Bluu: Nimeelewa, naenda na lita 20. Hita ya wati ngapi? Na hizo wiki hazifupishiki?

Karanga_River: Wati 25 inatosha, chumba kikiwa na baridi kali chukua 50. Nunua na kipimajoto, usiamini namba za kwenye hita.

MzeeWaMatangi: Zinafupishika. Tafuta mtu mwenye tangi la siku nyingi na samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake iliyotumika, uiingize kwako ikiwa bado mbichi. Usiioshe kwa maji ya bomba, klorini itaua hao bakteria. Na ukipata tangi la mtumba, lijaze maji likae nje siku nzima uone kama linavuja kabla hujalibeba ndani.