Kujiliza, kujililia, kudeka: neno lipi kwa mhusika anayezidisha hisia?

Swali
Wakuu, naandika mchezo wa redio. Mhusika analia kupita kiasi msibani ili aonekane. "Anaangua kilio" hakuonyeshi kwamba anaigiza. Nitumie neno gani?

Jibu
Kuangua kilio ni kulipuka ghafla tu. Hata mwenye uchungu wa kweli huangua. Unachotaka ni *kujiliza*. Tazama umbo: -lia, ukitia -z- unapata -liza, yaani kumfanya mtu alie, kisha -ji-, anajiliza mwenyewe. Kujichekesha nako ni hivyohivyo, kicheko cha kulazimisha. Usiteleze ukaandika "anajililia". Hiyo ni kauli ya kutendea: analilia nafsi yake, na machozi yanaweza kuwa ya kweli kabisa.

Jibu
Naunga mkono, ila kujiliza hakuonyeshi ukubwa wa kilio. Ongeza kitendo: "Akajiliza, akajigaragaza mlangoni, jicho moja likihesabu waliomtazama." Hapo "kwa unafiki" ya nini tena? Kwenye redio jicho halionekani, kwa hiyo mpe jirani amseme: "Machozi ya mamba hayo!" Kwa msimulizi, msemo huo umechakaa.

Jibu
Na kudeka usikuingize. Anayedeka anataka kubembelezwa: mtoto, mpenzi. Mbwembwe ni za mwendo, mavazi na usemi. Kutia chumvi ni kwa habari inayosimuliwa, si kwa kilio.

Muulizaji
Shukrani. Na dada yake, anayejifanya halimhusu?

Jibu
Huyo anajitia hamnazo.