Naomba ushauri: kutenganisha alto na soprano kwenye MuseScore 4

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaotumia MuseScore 4, ile programu ya kuandika nota za muziki. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nimezoea solfa (do-re-mi) kwa mkono, kwenye kompyuta bado nababaisha.

Nina wimbo wenye baa (vipimo vya mapigo) 48, mapigo ya 6/8, soprano na alto kwenye mistari ya juu, teno na bezi chini. Soprano niliingiza kwa kubonyeza N kisha herufi za nota, ikaenda vizuri tu. Alto nikaibofya kwa kipanya chini ya kila nota ya soprano. Kumbe nimetengeneza kodi (chord): nota zote mbili zimening'inia kwenye kijiti kimoja. Baa ya 9 soprano inashikilia huku alto ikitembea, na hapo ndipo nimekwama.

Nimeteua baa nzima nikabonyeza kitufe cha sauti ya 2 (Voice 2) kule juu, soprano nayo ikahama! Nikarudisha kwa Ctrl+Z. Nota mojamoja inakubali, ila kwa baa 48 nitakesha.

Je, kuna namna ya kuteua nota za chini peke yake, zote kwa mpigo mmoja, nizipeleke sauti ya 2? Au nifute alto nianze upya?

La pili ni maneno. "Tu-m-shu-ku-ru" kwa Ctrl+L na kistari inakaa sawa, hata hiyo "m" yenye nota yake. Lakini "ru" inavutwa nota tatu, na nikibonyeza spesi neno linalofuata linaangukia katikati ya mvuto. Nibonyeze nini?

Mazoezi ni Alhamisi.