Naomba ushauri: mchapishaji ametuandikia barua kuhusu kopi za maktaba ya shule

Mwl_Nkuhungu: Mbukwenyi wakuu. Nafundisha Kiswahili sekondari moja ya binafsi hapa Dodoma mjini, na maktaba iko chini yangu. Kidato cha tatu wamejaa, nakala halisi za tamthiliya ni za kuhesabu. Tukatoa kopi. Sasa imekuja barua ya mchapishaji, anataka maelezo, na mkuu wa shule ananiangalia mimi. Nimesoma mtandaoni kwamba kwa elimu inaruhusiwa, wanaita "matumizi ya haki". Nijibu hivyo? Usingizi sina.

zabibu_chungu: Shule inatoza ada ya mamilioni, basi jipya mnalo, vitabu ndiyo hela hakuna? Ngoja niishie hapa.

Babu wa Kongwa: Sisi miaka ya themanini kitabu kimoja dawati zima. Ukimkosea mwenye kitabu, siku hiyo husomi. Na tulifaulu. Watoto wa sasa wanadekezwa mno.

Karani Mstaafu: Mwalimu, kopi za kurasa kadhaa au kitabu kizima? Na wanafunzi waligawiwa bure?

Mwl_Nkuhungu: Kizima. Vipande vipande vingewachanganya.

Karani Mstaafu: La pili hujajibu.

Mwl_Nkuhungu: Walichangia 5,000 tu. Steshenari ilichukua 3,500, inayobaki ni ya maktaba: balbu, mafagio, gundi. Siyo biashara jamani.

zabibu_chungu: 1,500 mara kidato kizima. Hayo mafagio ya dhahabu?

Karani Mstaafu: Hiyo uliyosoma ni ya Marekani, kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976. Mahakama kule inapima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi ulichochukua, na soko la mwenye kazi umeliathiri vipi. Hata kule, kitabu kizima kwa 5,000 kisingekuokoa. Huku tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Yenyewe inataja ruhusa moja moja: kunukuu kwa kiasi, kutumia sehemu kama mfano wa kufundishia, tena unamtaja mwandishi. Ulinzi ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Usijibu barua kwa sheria ya watu. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize, kisha muombe mchapishaji kibali au bei ya jumla.

Mwl_Nkuhungu: Nimekuelewa mzee wangu, ila oda ya kidato cha nne nimeshaipeleka na kianzio nimelipa. Nikirudi nyuma watoto watasomea nini? Mwandishi mwenyewe angefurahi anasomwa.

Dada Makole: Angefurahi zaidi akilipwa. Mtu anaandika miaka, wewe unanunua mafagio kwa jasho lake.

msomi_wa_bure: Si muingie maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu (TET)? Vitabu vya kiada viko bure.

Karani Mstaafu: Vya TET, ndiyo. Tamthiliya ya mchapishaji binafsi hutaikuta humo.

Mama Fotokopi: Mimi nina mashine jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwanafunzi analeta kitabu kinene, nikikataa anahamia mlango wa pili, na kesho hata kitambulisho haji kutolea kopi kwangu. Sasa hiyo sheria inamkamata aliyeleta au mwenye mashine? Naulizia kwa faida ya wengi.

Kipanga wa Bahi: Mnakunywa chai tu humu, mnadanganywa. Huyu huyu mwaka jana alifungua uzi anauza mashine ya fotokopi, Nkuhungu hiyo hiyo, akasema ana steshenari. Leo mwalimu?

Mwl_Nkuhungu: Mwalimu hawezi kuwa na mradi? Ile ni ya mke wangu.

Karani Mstaafu: Na hizo 3,500 zilikwenda steshenari ya nani?

zabibu_chungu: 😂😂😂 Kianzio amejilipa mwenyewe.

Mwl_Nkuhungu: Mimi nimeomba ushauri wa barua, siyo kuhojiwa.

Babu wa Kongwa: Dawati zima, kitabu kimoja. Sisemi zaidi.

Mama Fotokopi: Ile mashine iliuzwa? Inatoa pande mbili?